Gari la Kondo Lisilo na Injini

Maimuna alitaka wageni walikute gari la marehemu mumewe likiwa safi. Aliwafukuza kuku waliokuwa wakitagia kwenye kiti cha abiria, akaliosha kwa sabuni ya unga, kisha akamwita Geofrey, fundi rangi wa pale mtaani kwao Bigwa, aliyelipiga rangi nyekundu hadi likang'aa.

Lilikuwa gari dogo la watu wawili, la chini mno, linalotumia umeme mtupu. Kondo, mumewe, alikuwa dereva wa mtaalamu wa maji wa kigeni milimani Uluguru, naye ndiye aliyemwachia gari hilo. Betri ilipokufa hakupatikana wa kuitengeneza, gari likabaki bandani hata Kondo mwenyewe alipofariki. Mwaka huu Nasra, binti yao, aliweka picha za gari hilo mtandaoni, na simu zikaanza kumiminika.

Aliyekuja ni Abdulswamad, dalali wa Dar anayewanunulia matajiri magari ya zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alipoliona gari, dalali alijishika kichwa. "Nani amelipaka rangi?"

"Fundi. Si limependeza?"

"Mbona kwenye picha lilikuwa la chungwa?"

"Lilikuwa limebabuka, likitia aibu."

"Mama, mteja wangu alikuwa anaitaka rangi ile iliyobabuka."

Maimuna akadhani hakusikia vizuri.

"Na betri?" Abdulswamad aliuliza kwa woga.

"Sitakudanganya, baba. Ni ileile iliyokuja nalo, na imekufa."

Uso wa dalali ukachanua. "Alhamdulillahi!"

Maimuna alimtazama, akaitazama betri, akamtazama tena. Rangi mpya ilimkera, betri mfu ikamfurahisha. "Sasa mtaliendeshaje?"

"Haliendeshwi. Magari haya ya umeme ya mwanzo yalitengenezwa machache, na thamani yake ni kubaki na vitu vyake vya asili. Mwenye nalo analiweka ndani, watu wanakuja kulitazama."

"Yaani likae tu?"

"Likae tu."

"Si lilikuwa limekaa hapa?"

Dalali akacheka, Maimuna hakucheka. Kondo alihangaika kwa ajili ya gari lile mpaka Turiani akitafuta fundi, majirani wakimcheka. Leo mtu amefunga safari kulifuata kwa sababu halikutengenezeka. Alitamani mumewe awepo amweleweshe, ingawa huenda naye angebaki ameduwaa.

Abdulswamad alikwangua mlango kwa ukucha, akaiona rangi ya chungwa chini yake. "Hii nyekundu itabanduka," alisema, akataja bei. Maimuna alimwomba airudie, kisha akakubali, maana hakujua angekataa kwa hoja gani.

Lori la kulibeba lilisimama chini ya mteremko, barabarani. Vijana waliokuja na dalali wakajipanga nyuma ya gari.

"Nani atashika usukani?" dalali aliuliza.

"Mimi," alisema Maimuna, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Walipolisukuma kidogo, akakanyaga breki. Vijana wakapiga kelele. Abdulswamad akaja dirishani. "Umebadili mawazo, mama?"

"Sijui, baba. Nisubirini."

Wakasubiri. Mbele yake milima ilikuwa imejifunika mawingu nusu. Alijaribu kujua kama analia kwa ajili ya gari au kwa ajili ya Kondo, lakini mawili hayo hayakutenganishika. Akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akauondoa mguu kwenye breki.

Gari likateremka polepole, bila mlio wowote, mpaka kwenye lori.

Aliposhuka, Abdulswamad alimshukuru sana. Maimuna akaitikia, huku akijiuliza ni kitu gani hasa amekiuza.