Risasi za Polepole

Baba yangu, Mervyn Haldane, alikuwa akitengeneza risasi za polepole kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwahi kuzifyatua.

Mtu mwenyewe ni jirani yetu Eruera Tipene, ambaye pale Maniototo, kusini mwa New Zealand, kila mtu anamwita Eru. Alikwenda Afghanistan na jeshi, akarudi na viungo vyake vyote, akarithi shamba la kondoo la mjomba wake linalopakana na letu. Mwanzoni hatukujua lolote. Siku moja nikawa nawinda sungura karibu na seng'enge ya mpakani, na mkewe, Ngaire, akaja na gari mbio, midomo imemkauka. Akasema tangu mlio wa kwanza Eru yuko chini ya meza ya jikoni na hataki kutoka.

"Sikulaumu, Glenys," aliniambia. "Nakuomba tu."

Tukaacha kupiga bunduki upande ule. Sungura nao wakajua wamepata pa kukaa. Kwa miaka miwili waliitafuna mizizi ya nyasi mpaka kilima cha Eru kikabaki kipara, na upepo ukivuma udongo ulikuwa ukipita juu ya nyumba yetu kama moshi. Sumu Ngaire aliikataa, ilikwisha kumwulia mbwa. Kondoo wao wakakonda hadi huruma ikakushika ukiwatazama.

Baba ndiye aliyepata njia. Alikuwa amewinda sungura kwa mshahara miaka thelathini, sikio moja limekufa kwa kazi hiyo. Alikuwa na bunduki fupi iliyoundwa kwa mfano wa zile walizobeba makomando wa Uingereza katika vita vya pili, mtutu wake wote umevikwa kiwambo cha sauti kinene kama bomba la jiko. Kiwambo kile humeza mlipuko wa baruti. Kitu kimoja tu hakiwezi kukimeza: risasi ikienda kasi kuliko sauti hulipasua anga njia nzima, na ule mpasuko ndio uliokuwa ukimwangusha Eru. Kwa hiyo ilibidi risasi ziende polepole, zote, bila hata moja kukosea. Za dukani hazikumridhisha. Akaanza kuzitengeneza mwenyewe katika kibanda nyuma ya banda la kukatia manyoya.

Nilikulia kwenye kazi ile, lakini hii ilikuwa na masharti yake. Baruti ikizidi, risasi inapiga kelele. Ikipungua mno, inakwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake umekwisha. Tena baruti yenyewe ni kidogo sana, inalala chini kabisa ya ganda kama chumvi kwenye kikombe, kiasi kwamba ukisahau ukaitia mara mbili, ganda halifuriki. Linaikubali tu. Ndiyo maana baba alikuwa akichungulia kila ganda kwa tochi kabla ya kulifunga, na hakutaka umsemeshe wakati ule.

Siku ya majaribio alikwenda mwenyewe kwa Eru.

"Wewe kaa hapa jikoni unywe chai," alimwambia. "Glenys atakuwa kilimani. Ukisikia kitu, nipige ngumi."

"Nikikupiga ngumi wewe, mzee, nitafungwa kwa kuua."

"Jaribu! Nyie wacheza raga wa siku hizi mikono yenu siagi tupu."

Nilikuwa karibu na nyumba yao, mwendo wa dakika tatu kwa miguu. Nilipiga risasi kumi na moja. Nilichosikia mimi ni komeo la bunduki likirudi na sungura akidondoka. Ngaire alinisimulia baadaye kwamba Eru alikula skonzi mbili, kisha akauliza lini tutaanza.

"Ameshamaliza," baba akamjibu.

Eru akaweka kikombe chini. Akamkatia baba skonzi ya tatu.

Tulikwenda hivyo miaka minne. Nyasi zikaanza kurudi mabondeni, kondoo wakapata miili. Kila Jumamosi baba alimpelekea Eru gazeti, wakabishana kuhusu raga hadi Ngaire anawafukuza jikoni.

Mwezi wa Agosti wa mwaka wa tano, asubuhi moja ya baridi kali, nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni mwa mfereji chini ya nyumba yao. Risasi ya sita ilitoka vizuri. Ya saba ililipuka.

Sikuelewa ni nini. Niliona mwanga, masikio yakavuma, na kipande cha shaba ya ganda kikaingia shavuni. Mlio uligonga kilima ukarudi. Nilijua yuko jikoni. Nikataka kuinuka nikimbie kwake.

Nilipogeuza kichwa nilimwona Eru. Alikuwa anakuja kwa tumbo juu ya barafu, amevaa soksi tu, akijivuta kwa viwiko. Alinishika ukosi akaniburuta hadi ndani ya mfereji, akanilalia kunikinga.

"Umepigwa wapi? Nionyeshe mikono. Hesabu vidole vyako, nikusikie."

"Eru, hakuna mtu anayetupiga. Ni bunduki yangu."

"Hesabu vidole!"

Nikahesabu. Akauvua mkanda wa suruali kunifunga mkono uliokuwa hauna hata jeraha, huku damu ya shavu ikinitiririka. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, ila mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Ngaire alipofika ndipo alipoanza kulia, na hakuacha mpaka jioni.

Baba nilimkuta kibandani. Nilimwekea mezani lile ganda lililopasuka. Alilishika, akalizungusha vidoleni, akalisogeza karibu na jicho la kushoto, kisha pembeni ya jicho, kama kuku anavyotazama punje. Hapo ndipo nilipojua.

"Tangu lini, baba?"

"Daktari aliniambia mwezi wa pili. Katikati sioni. Naona pembeni tu."

"Na kwa tochi ulikuwa unachungulia nini?"

"Mazoea," alisema. Halafu akasema, "Nikiziacha, nani atamtengenezea?"

Nilikuwa na hasira ya kumjibu mabaya, basi nikatoka.

Siku tatu Eru hakutoka chumbani. Ya nne baba alinitaka nimpeleke kwake. Alivaa koti lake la misibani. Eru alikuwa kitandani, ametazama ukuta.

"Ni mimi," baba alisema, amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Niliweka baruti mara mbili. Macho yangu yamekufa, nami nilijua, nikanyamaza. Ningeweza kumuua binti yangu, na wewe nimekurudisha kule ulikotoka. Sina udhuru."

Eru hakugeuka. "Zimebaki ngapi?"

"Maboksi sita. Kama mia tatu. Nitazizika."

"Usizizike. Nileteeni mimi."

Risasi iliyokwisha kufungwa huwezi kuijua kwa kuitazama, wala kwa mizani, maana vichwa vyenyewe havilingani uzito. Lazima uifungue. Unaitia ndani ya nyundo ya plastiki yenye tundu, unaigonga kwa nguvu juu ya gogo mpaka kichwa kinachomoka, unamwaga baruti, unaipima. Mia tatu, moja moja. Ngaire alikaa sebuleni siku mbili akimsikiliza Eru. Aliniambia alikuwa akigonga na kushtuka, akigonga na kushtuka, kila mara kama ndiyo ya kwanza, na hakutaka kusaidiwa.

Jumatatu Eru alikuja kibandani kwetu na maganda matupu kwenye ndoo.

"Ulikuta ngapi?" baba akamuuliza. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Hakuna. Ilikuwa ile moja tu, mzee. Nyingine zote safi."

Baba aliketi. Nilimwona mabega yakishuka.

"Sasa nisogezee hicho kigoda," Eru akasema, "unifundishe, kabla hujaanza tena kuniambia habari za raga."

Akawa yeye ndiye mtengenezaji. Baba alikaa kando yake, mikono juu ya fimbo, akimwuliza kila ganda: umepima? Umechungulia? Chungulia tena. Eru alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa mkono, akifanya ishirini kwa saa wakati baba alikuwa akifanya sitini. Nilipozijaribu mara ya kwanza nilimwomba akae ndani. Alikataa. Alisimama hatua kumi nyuma yangu, mchana kweupe, amefumba macho. Nilisikia pumzi zake zaidi ya nilivyosikia bunduki.

Baba alifariki miaka miwili baadaye, haoni tena hata pembeni. Tulimzika mjini Naseby. Baada ya chai ya msiba ukumbini, watu wakiwa wanachukua makoti yao, Eru alinivuta hadi nyuma ya ukumbi.

"Zilikuwa nne," alisema. "Zenye baruti mara mbili. Katika zile mia tatu."

Nilimtazama. Nne, na mimi ndiye ambaye ningezipiga, moja baada ya nyingine, shavu langu juu ya kitako.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angekufa siku ile ile, Glenys." Alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya ibada. "Na mimi nilikuwa nahitaji mwalimu."

Sijui kama baba alimwamini. Alikuwa ametengeneza risasi maisha yake yote, na alijua hesabu ya kosa lake kuliko sisi. Lakini tangu Jumatatu ile hakuwahi kuuliza tena, na Eru hakuwahi kukosa kuja. Ngaire akatuita kutoka mlangoni, tuje kubeba viti.