Sinia la Wadogo

Mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza, jina lake Kijakazi, alikuwa akisinzia kila siku baada ya chakula cha mchana, nami nikimsimamisha ukutani. Nilidhani ni shibe. Jumatatu nilipita jikoni nikaona wanavyokula: sinia moja kwa watoto kumi, wa darasa la saba wamechanganywa na wa la kwanza, ugali unafuka moshi. Wakubwa, wenye mikono iliyozoea jembe, wanamega na kumeza. Kijakazi anagusa, anapuliza vidole, anagusa tena. Ugali ulipopoa, haukuwepo. Kumbe mtoto alisinzia kwa njaa, nami nikamwadhibu! Niliona aibu.

Nikamwomba mwalimu mkuu, Mzee Rehani, wadogo wapewe sinia lao.

"Sote tumekua hivi, Mwalimu Zuhura," akakataa. "Mtoto akila na wakubwa anajifunza adabu."

Alhamisi akaja Jerome, afisa lishe wa wilaya, na fomu yake. Akakagua jiko, akakagua maji ya kunawa, akaonja mbaazi. Kila kisanduku akatia vema. Nikajua fomu ile ikiondoka hivyo, wanangu watalala njaa mwaka mzima. Haiondoki!

"Karibu ule kwanza," nikamwambia.

"Nashukuru, nina haraka."

"Mgeni aondoke hapa hajala? Utatuaibisha."

Mzee Rehani akaagiza sahani. Nikaizuia, nikamketisha Jerome mkekani kando ya Kijakazi. Bismillahi ikasemwa. Jerome akatia mkono, akautoa mbio.

"Loh!"

Akapuliza vidole. Kijakazi naye akapuliza vyake. Wakubwa walicheka, lakini hawakuacha kumega. Tonge la pili la Jerome likawa la mwisho.

"Mzee," nikasema, "mgeni wako ananawa na njaa."

Mzee Rehani akatazama sinia tupu, akamtazama mgeni, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Kijakazi.

"Leteni sinia jingine," akamwambia mpishi. "La mgeni na darasa la kwanza."

"Na kesho?" nikauliza.

"Kila siku, mwalimu. Nimeona."

Jerome akafuta vema moja, akaandika maelezo marefu.

Mchana ule Kijakazi hakusinzia. Alisoma ubao mzima kwa sauti, na mimi ndiye niliyesimama ukutani.