Vilima Viwili vya Mwanahawa

Shebughe halali. Muulize mwenyewe, atakuapia: anafumba macho tu, makande yameshuka vizuri tumboni, amekaa kwenye benchi, mgongo umeegemea ukuta wa ndani wa ofisi ya waongoza watalii pale Lushoto, na ni saa saba mchana, saa ambayo hata mbwa wa sokoni wanajinyoosha. Juu ya kichwa chake imetundikwa ramani. Ramani hiyo ndiyo fahari yake na, kama utakavyosikia, ndiyo iliyomponza. Miaka ishirini na mbili amewapitisha watu kwenye milima ya Usambara, wanaokuja na viatu vizito na fimbo mbili mbili kama vile miguu miwili haiwatoshi, na miaka yote hiyo hajapata kutamka neno sijui. Mgeni akinyoosha kidole, kilima kile kinaitwaje, jina linatoka papo hapo. Kama lipo, lipo. Kama halipo, Shebughe analizaa: Kilima cha Mbuzi Kiziwi, Kilima cha Shemeji, Meno ya Bibi. Mgeni mmoja mzee, mpole, mwenye daftari, aliyaandika yote akaenda nayo kwao, na mwaka uliofuata yakarudi yamechapwa kwenye ramani ya rangi. Sasa waongozaji wote wanatembea kwa ramani hiyo, na Fatina pia, binti yake wa pekee, huu mwezi wa pili tangu aanze kazi. Ni Fatina aliyeuliza, baba, mbona vilima vya Mwanahawa viko viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini? Akamjibu, hao ni pacha, mwanangu. Fatina akaridhika, maana Mwanahawa ni jina la marehemu mama yake, akadhani baba kalitoa mara mbili kwa mapenzi. Mapenzi wapi! Alisahau tu kwamba alishalitumia.

Simu inalia. Baba, anasema Fatina, ukungu umetufunga, niko na wale wageni wangu wawili juu ya Mwanahawa, hatuoni hata miguu yetu, tushukie upande gani? Na Shebughe, kwa mdomo ule ule uliozoea, anasema: kushoto, mwanangu. Simu inakatika. Ndipo macho yake yanapanda kwenye ramani. Juu ya Mwanahawa wa kaskazini, ukikunja kushoto unashika njia ya misonobari, inakuteremsha taratibu hadi kwenye mashamba ya kabichi. Juu ya Mwanahawa wa kusini, kushoto hakuna njia. Jabali limekatika, na chini yake, mbali kabisa, ni nyika. Anapiga simu. Haipatikani. Anapiga tena. Haipatikani. Anausukuma mlango atoke, na nje hakuna barabara.

Kuna ukungu, na ndani ya ukungu kuna njia, na njia inapanda. Anapanda nayo. Nyasi zinamlowesha suruali, mikaratusi inapita pembeni, ile ile, mkaratusi wenye jeraha la panga, kisha mkaratusi wenye jeraha la panga, na njia inapanda bila kilima chochote kupungua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Basi hao wahenga hawakupita hapa. Anaingia mji ambao ni Lushoto na si Lushoto, msikiti umehamia ng'ambo ya pili ya barabara, maandishi ya maduka yanasomeka kinyumenyume, na wanaume wanasalimiana kwa mkono wa kushoto bila haya. Jamani, anawauliza, kushoto ni wapi? Wote wanainua mikono, nusu huku, nusu kule, na hakuna anayecheka. Mwisho wa mji amesimama mtu mwenye koti la mvua, kofia imevutwa mbele, na ndani ya kofia, pale panapokaa uso, pana ukungu tu. Mimi ni mwongozaji, anasema mtu huyo. Hata mimi, anajibu Shebughe, nipeleke kwa mwanangu. Twende, lakini huku hatutembei bure. Kitendawili.

Tega, anasema Shebughe, kwa mazoea, maana nani aliyelelewa vizuri atajibu vingine?

Kimezaliwa mdomoni, miguu hakina, nacho kimefika kileleni kabla yako. Shebughe anajua. Moyo unamwambia ni jina, sema jina, lakini kulisema ni kukiri kwamba majina aliyazua. Mwangwi, anajibu. Umekosa, nipe mji. Si ndivyo tunavyocheza tangu utotoni, ukishindwa unatoa mji? Nakupa Soni, anasema Shebughe, na huko chini bondeni, ambako mabati ya Soni yalikuwa yanang'aa, ukungu unafumba kimya kimya kama maziwa yanayoganda, na Soni haipo tena. Mama yangu! Anageuka, mtu wa koti ameshatangulia. Kilima kile kinaitwaje? anauliza bila kugeuka. Shebughe hakijui, hajapata kukiona, na mdomo wake, laana ya mdomo huo, unasema Kilima cha Jongoo. Kilima kinasogea nyuma hatua mia. Na kile? Mgongo wa Punda. Kinasogea nacho. Kila anachokipa jina kinaondoka, njia inarefuka, na kwa mbali anaisikia sauti ya Fatina ikiita baba, mara mbele, mara nyuma, mara kutoka chini ya miguu yake. Umekosa, nipe mji. Nakupa Mlalo. Mlalo inazimika na jogoo wake wote. Sasa Shebughe analia waziwazi, mtu mzima, kamasi na machozi, anamshika yule mtu koti na koti halina mkono ndani yake. Ndugu yangu, mwenzangu wa kazi, nakuomba, mtoto huyu ndiye niliye naye. Basi hiki ndicho cha mwisho, inasema kofia, na sauti imekuwa ya kike, sauti ya Mwanahawa ileile ya kumwamsha alfajiri. Akina Mwanahawa wawili, Shebughe. Mwanao yuko kwa yupi?

Umebaki mji mmoja tu, Lushoto, nyumba yake imo, kaburi la mkewe limo. Mdomo unafunguka. Wa kaskazini, unataka kusema, kwa sauti nzuri ya mtu anayejua. Anauziba kwa viganja vyote viwili kama anavyozibwa mtoto asitapike njiani. Kisha anaviondoa. Sijui, anasema. Sijui, mke wangu. Sikujua hata siku ile nilipovipa vilima jina lako.

Ukungu unapasuka. Anamwona Fatina, peke yake, amesimama pembeni kabisa mwa jabali, mguu wa kushoto umeinuliwa. Anapiga kelele, na mkono wake unaangusha sahani ya makande.

Yuko kwenye benchi. Ukuta ni ule ule, ramani ni ile ile, na saa ya ukutani inasema saba na dakika kumi. Alhamdulillahi, anasema, ilikuwa ndoto, na anacheka peke yake hadi mbavu zinamuuma. Kisha anainama kuokota sahani. Suruali yake imelowa hadi magotini, na soksi zimejaa mbegu za nyasi za mlimani.

Simu inalia. Baba, baba unanisikia? Hamwachi Fatina amalize. Sijui, mwanangu, anasema upesi, kabla mdomo haujamgeuka. Nasema sijui upande. Viko viwili na sijui mko kipi. Kaeni hapo hapo wote watatu, msisogee hata unyayo, nakuja mwenyewe.

Fatina anapaza sauti juu ya upepo.

Baba, mbona unanichanganya? Si umesema kushoto sasa hivi, kabla simu haijakatika? Mimi nimebaki kidogo nifunge kiatu. Wageni wangu, Lukelo na mchumba wake, wameshatangulia kushoto.

Waite, anasema Shebughe. Fatina, waite.

Anamsikia akiita. Lukelo! Tusekile! Anaita mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Kisha wanasikiliza wote wawili, baba simu kaibana sikioni.