Kilo Tisa Zisizoonekana

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mshale wa mizani ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani ulikuwa umelala kwenye sifuri. Provia wa Bulembia, mwongozaji wa wapanda mlima kwa miaka kumi na mmoja, aliutazama.

Siku tisa kabla, mpagazi wake Crispus alianguka kutoka kwenye ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye mwamba huko mlimani, akavunjika nyonga. Ripoti ya ofisi ilisema alikuwa amelewa, na kwamba mzigo wake ulikuwa kilo ishirini na tano, kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa. Provia ndiye aliyemwinua. Crispus hakunuka pombe. Kamba za mzigo zilikuwa zimemchana mabega.

"Ishirini na tano! Anayefuata!" alipaza sauti Tumwine, msimamizi wa mizigo, kando ya mizani.

Yafesi, mpagazi wa Bwera, alijitwika gunia lake. "Bosi, hii muzigo iko nzito kuliko wewe na bibi yako."

Wenzake wakacheka.

"Mwenye kuogopa mlima aende Kahendero akavue samaki," Tumwine alimjibu.

Provia alivuka barabara hadi duka la Byaruhanga, muuza vifaa vya ujenzi. Alirudi na Byaruhanga mwenyewe, akisukuma toroli lenye mfuko wa saruji usiofunguliwa. Kilo hamsini, imeandikwa ubavuni.

"Unajenga nyumba huko juu, mama?" Tumwine aliuliza.

"Pima."

Wapagazi wawili wakaupandisha. Mshale ukasimama kwenye arobaini na moja.

"Saruji ikikaa sana inapungua," Tumwine alisema.

"Mimi mwizi?" Byaruhanga aling'aka, akaleta mfuko wa pili. Arobaini na moja.

"Kilo tisa!" Provia alisema, akigonga kipini kilichouzuia mshale usishuke chini ya sifuri. "Kila mtu, kila safari. Crispus alipanda ngazi ile na thelathini na nne mgongoni, halafu mkamwandika mlevi. Na leo mnataka kumpeleka Yafesi palepale. Huna hata aibu?"

"Wageni wanne, wapagazi wanane. Ofisi ndiyo imepanga."

"Basi ofisi ipande. Lango la hifadhi halifunguliwi bila mwongozaji mwenye kibali, na mimi siendi."

Tumwine aliwatazama wageni wanne waliokwisha kufunga viatu. Akampa Provia mgongo, akapiga simu.

Saa mbili na nusu, kwa amri ya ofisi, magunia yalifunguliwa na mizigo ikagawanywa upya. Mizigo minane ya kilo thelathini na nne, jumla kilo mia mbili sabini na mbili, ilihitaji watu kumi na mmoja, na wapagazi watatu wakaongezwa.

Mvua iliwakuta njiani. Penye ngazi aliyoangukia Crispus, Provia alisimama chini na kuwaita mmoja mmoja: mikono yote kwenye mbao, na hakuna kukanyaga kipandio cha kwanza kabla aliyetangulia hajatoka juu. Mmoja alipojaribu kumfuata mwenzake kwa karibu, Provia alimvuta gunia akamrudisha.

Saa nane na dakika ishirini mchana, Yafesi, wa kumi na mmoja na wa mwisho, aliweka mguu wa pili juu ya mwamba.