Seli za Mchonga Mihuri

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwajibu kwamba nalisha seli. Wengine hudhani ni aina ya kuku. Naitwa Hsu Yueh-chiao, fundi wa maabara hapa Tainan. Kwa miaka ishirini na miwili, kila asubuhi nafungua kabati la joto, natoa sahani za plastiki, nanyonya maji ya jana na kutia mapya. Usipozilisha siku mbili tatu, zinakufa.

Mkuu wa maabara yetu ni Mwalimu Tu Hsin-ju. Ni mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka mitatu, asiyekula uji wake wa samaki mpaka upoe kabisa. Kazi yake ni RNA, yaani zile nakala za maagizo ambazo seli huzitoa kwenye vinasaba ili ijue itengeneze nini. Nakala ikitoka huwa na vipande visivyotakiwa. Lazima vikatwe, na vinavyobaki viungwe. Ipo protini moja inayosimamia ukataji huo. Jina lake halisi ni herufi na namba tupu, kwa hiyo sisi tuliiita Msimamizi.

Kwenye uvimbe fulani mbaya wa ubongo, Msimamizi huzidi kiasi na saratani hushamiri. Mwalimu Tu alihangaika miaka tisa kutafuta dawa ya kumpunguza, na akaipata. Tuliitia kwenye seli za saratani, zikafa. Tukawapa panya wenye uvimbe, uvimbe ukasinyaa, panya wakaendelea kukimbia kwenye gurudumu lao kama kawaida. Kampuni moja ndogo ya dawa ikaichukua. Ikapangwa kwamba baada ya Mwaka Mpya wagonjwa kumi na wawili waanze kupewa.

Mzee Kuo alitujia miezi michache kabla ya hapo, kwa jambo jingine.

Kuo Ting-fa alikuwa mchonga mihuri, mwenye duka lenye upana wa mlango mmoja nyuma ya hekalu. Alipofika miaka sitini na mmoja, kidole gumba cha kulia kikaanza kukataa kushika patasi. Kikafuata kiganja, kisha mguu. Hospitalini wakamwambia ni ule ugonjwa unaoua neva za misuli kidogo kidogo, na kwamba hauna dawa. Mwalimu Tu alijua kwamba kwa wagonjwa wa namna yake Msimamizi huwa pungufu ndani ya neva. Akamwomba kipande cha ngozi, ukubwa wa punje ya mchele, tukigeuze kiwe seli za neva. Binti yake Li-chin, fundi wa pikipiki, naye akatoa kipande chake, ili tuwe na seli za mtu mzima wa afya za kulinganisha.

Kugeuza ngozi iwe neva huchukua miezi. Zilipokomaa, mzee aliomba kuziona. Li-chin akamleta, mzee ameegemea fimbo, nikamwinamishia darubini.

"Ndizo hizi?"

"Ndizo, Baba Mkubwa. Hizo ni wewe."

Akatazama muda mrefu. "Mbona hazina mvi?"

"Tumezirudisha utotoni kwanza, ndipo tukazifanya neva."

"Mngenirudisha mimi mzima. Mngeokoa muda."

"Baba, mwache Mama Mdogo afanye kazi," Li-chin akasema, akimaanisha mimi.

"Namzuia? Naulizia hali ya ndugu zangu. Wanakula nini?"

"Maji yenye sukari, chumvi na dawa za kuwakuza," nikamjibu.

"Hata supu hawaonjeshwi. Ndiyo maana wamekonda hivyo."

Hazikuwa zimekonda tu. Neva nzima hutoa mkia mrefu, mwembamba kama uzi wa buibui. Mikia ya seli za mzee ilikuwa mifupi na imekatikakatika. Mwalimu Tu alipozisoma RNA zake, akakuta kipande ambacho kilipaswa kukatwa kimeachwa. Kwa sababu ya kipande hicho, neva ilishindwa kutengeneza kitu kinachoshikilia mkia wake. Halafu akatafuta kipande hicho kwa panya. Hakikuwepo. Panya hawajaumbwa nacho.

Nilimwona akikaa mbele ya kompyuta, kikombe cha chai mkononi, hanywi. Kisha akaniita.

"Dada Hsu, chukua neva za yule binti. Uzitie dawa yetu."

"Dawa ya saratani?"

"Hiyo hiyo. Kipimo kile kile watakachopewa wagonjwa."

Siku ya kumi nikaitoa sahani ya Li-chin. Mikia ilikuwa imekatikakatika, sawasawa na ya baba yake. Mwalimu akatazama, akainua kichwa.

"Hizi ni za nani?"

"Za binti."

"Una hakika hukubadilisha sahani?"

Neno hilo liliniuma. "Mwalimu, tangu nianze kazi hapa nimevunja chupa mbili, na nimechelewa mara moja, siku ya kimbunga. Sijawahi kumchanganya mtu na baba yake."

"Sikulaumu," akasema taratibu. "Naomba tu iwe umekosea."

Hapo nikamwelewa, hasira ikanitoka. Tukarudia. Safari hii jirani yetu wa maabara ya samaki ndiye aliyezifunika lebo za sahani, hata mimi nisijue ninalisha seli za nani. Tukaongeza neva za watu wengine wawili wenye afya, tulizokuwa nazo tayari kabatini. Lebo zilipofunuliwa, jibu lilikuwa lile lile: kila neva iliyopewa dawa iliacha kile kipande kwenye RNA yake na ikapoteza mkia. Dawa iliyoua saratani ilikuwa inaleta ugonjwa wa mzee Kuo, na panya, wasio na kipande hicho, wasingeweza kutuonya.

Bwana Pan wa kampuni alikuja wiki hiyo hiyo. Si mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kijinga.

"Mwalimu, wagonjwa hawa wamebakiwa na mwaka mmoja, pengine na miezi miwili juu yake. Wewe unaogopa ugonjwa utakaowapata baadaye. Wana baadaye gani?"

"Neva za kwenye sahani zimechukua siku kumi, Bwana Pan. Hiyo siiti baadaye."

"Sahani si mtu. Waambieni, wachague wenyewe."

"Nitawaambia nini? Sijui ni wangapi watashindwa kumeza mate yao wenyewe, wala baada ya wiki ngapi. Nikishajua nitawaambia, wachague."

"Miaka tisa yako hiyo."

"Najua ni mingapi. Niliihesabu kabla hujafika."

Mwalimu alipeleka majibu yote kwenye kamati inayosimamia majaribio, kwa mkono wake mwenyewe. Jaribio likasimamishwa.

Sifa hazikuja. Mke wa mmoja wa wale kumi na wawili alipata namba ya maabara, akapiga simu. Mwalimu Tu alimsikiliza ukumbini karibu saa nzima, amesimama, hajitetei, akirudia tu, "Naam, dada. Ni kweli, dada." Yule mgonjwa alifariki miezi mitatu baadaye. Hakuna ajuaye kama dawa ingemsogeza mbele au ingemtesa tu, na Mwalimu hajawahi kudai kwamba yeye anajua.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia mzee Kuo. Tulimfuata nyumbani, mimi na Mwalimu. Alikuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, na maneno yalimtoka kwa shida, Li-chin akimfafanulia. Mwalimu alimweleza bila kupamba. Mzee akafikiri, kisha akasema kitu.

"Anauliza, hao kumi na wawili wangekuwa kama yeye?"

"Pengine si wote," Mwalimu akajibu. "Baadhi yao, naamini hivyo."

Mzee akacheka, akakohoa, akasema tena. Li-chin hakutaka kutafsiri, mpaka babaye akamgonga na kiwiko.

"Anasema mwaka huu seli zake zimefanya kazi kuliko yeye. Anauliza kama zina siku ya mapumziko."

Mwalimu akatabasamu. Li-chin hakutabasamu. Akatoka nje, nami nikamfuata. Nilimkuta barazani kati ya pikipiki mbili zilizofunguliwa injini.

"Kwa hiyo kwa baba hakuna kitu," akasema.

"Kwa sasa hakuna."

"Mimi pikipiki nikishajua kilichoharibika, jioni mwenyewe anaondoka nayo. Nilidhani na nyinyi ni hivyo."

"Sisi ndio kwanza tumejua kilichoharibika, mwanangu."

Akaokota spana akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Nikasimama naye mpaka Mwalimu alipotoka.

Mzee Kuo alifariki mwezi wa tano, kifua kilipochoka. Tulikwenda mazikoni, tukafukiza ubani, tukarudi kazini. Seli zake zilikuwa bado hai kabatini, na kisheria tulihitaji kumwuliza binti kama tuendelee nazo.

Alikuja mwenyewe, mafuta meusi bado yako chini ya kucha. Wakati huo Mwalimu alikuwa ameanza njia nyingine: kipande kifupi kinachofanana na RNA, kinachokwenda kufunika lile kosa la kipande kilichoachwa ili neva iliruke, bila kumgusa Msimamizi. Ile dawa ya kwanza wameichukua wenzetu wa Taipei, wanatafuta namna ya kuifikisha kwenye uvimbe peke yake.

Nikamwekea Li-chin darubini. Akatazama seli za baba yake zilizopewa dawa hiyo mpya, zenye mikia mirefu sasa, imepishana.

"Zimepona?"

"Zimekaa hivi siku arobaini," Mwalimu akasema. "Baada ya hapo hatujui."

"Na kwa mtu?"

"Kwa mtu hatujajaribu. Pengine miaka mitano, pengine isiwe kabisa."

Li-chin hakuinua jicho. "Endeleeni nazo," akasema. "Lakini mkiandika, andikeni siku arobaini. Msiandike zaidi."

"Hatutaandika zaidi," Mwalimu akamjibu.

Akatazama kidogo tena, kisha akaniuliza jinsi ya kuisogeza sahani aone upande wa pili. Nikamwonyesha.