Vita vya Chaki

Mwalimu wa historia alisema tukicheza mchezo ule tutaelewa mataifa yanavyoogopana. Mimi tangu asubuhi mawazo yangu hayakuwa kwenye mataifa. Baba mdogo alikuwa amempigia simu shangazi: anataka nikaishi kwake. Shangazi akasema nitoe jibu jioni ile. Tangu baba afariki naishi kwa shangazi, nalala chumba kimoja na binti yake, na sikutaka kwenda popote. Ila nitajuaje kama wao wameshanichoka? Watu hawasemi mambo kama hayo.

Basi, darasa likagawanywa nchi tatu: Dirishani, Mlangoni na Nyuma. Binamu yangu huyo akawa rais wa Dirishani, mimi wa Nyuma, na Mlangoni wakapewa yule mrefu tunayemwita Ngongoti. Kila nchi ilipata vipande vya chaki, ndio wanajeshi; vita ikitokea, mwenye wengi anashinda. Marais wangekutana wawili wawili kando ya kabati, na ilikuwa marufuku kumwambia wa tatu mlichoongea. Mwisho kila rais angeandika kwenye karatasi: amani, au vita na nani.

Mimi na binamu tulimalizana haraka. "Sisi damu moja," aliniambia. "Amani."

Ngongoti naye akaniita kabatini, akaniambia bila haya kwamba anaivamia Dirishani. Nilimbembeleza weee, hasikii. Mwishowe nikampa nusu ya chaki zangu ili aiache. Alizipokea huku anatabasamu, mshenzi yule. Nilipogeuka, binamu alikuwa ananitazama mikononi. Nilitaka kumweleza, lakini mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo ametukodolea macho.

Karatasi zikafunguliwa. Nyuma, amani. Mlangoni, amani. Dirishani, vita na Nyuma.

Kwa chaki nilizobaki nazo hata sikufurukuta. Darasa zima lilikuwa linapiga meza, binamu akaja kuzoa wanajeshi wangu bila kunitazama usoni. Roho iliniuma, nisiseme uongo.

Njiani kurudi nyumbani ndipo akauliza, "Ulimpa Ngongoti chaki za nini?"

"Asikuvamie wewe."

Alisimama. "Mimi nilidhani mnanizunguka. Nikaona bora niwahi."

"Si ungesubiri."

"Ungekuwa wewe ungesubiri?" Akacheka kidogo. "Tuyaache bwana, mchezo tu ule."

Nikatangulia mbele. Kama huyu ninayelala naye chumba kimoja hakuniamini kwa vipande vya chaki, mama yake je, anayenilisha kila siku?

Shangazi tulimkuta jikoni, simu mkononi. "Haya mwanangu, baba yako mdogo anasubiri jibu. Unabaki au unaenda?"

Nilimtazama usoni, sikuambulia kitu. Alikuwa amechoka, labda na kazi, labda na mimi. Nikawaza, nikisema nabaki, halafu akanyamaza japo kidogo tu, nitaficha wapi sura yangu?

"Naenda," nikasema.

Shangazi alivuta kiti, akaketi.

Binamu alikuwa bado amesimama mlangoni na begi mgongoni. "Unaenda wapi wewe? Mama amegombana na mjomba wiki nzima kwa ajili yako. Amemwambia hakutoi ng'o."

"Mwache," shangazi akasema. "Mjomba wako alitaka achague mwenyewe. Amechagua." Akajifuta macho kwa kiganja, akaanza kubonyeza namba.