Akistaafu Akiwa Hai

"Mimi sibishani na wewe, mama, nakueleza tu," karani wa ofisi ya pensheni alisema, na alikuwa amebishana naye tangu dirisha lifunguliwe. "Mahakama imekupa nusu ya pensheni ya huyo mzee. Sawa. Lakini bado yuko kazini. Akistaafu, utapata. Akifa kabla ya hapo, hakuna pensheni ya kugawa. Yanabaki mafao ya kifo, na hayo ni ya warithi."

"Na mimi?"

"Wewe na yeye mmeshaachana."

Mama huyo, mshonaji wa nguo, akashika ukingo wa dirisha. Akauliza ni nani aliyefua sare za idara ya maji miaka yote ile, yule bwana akirudi kutoka kwenye pampu na matope hadi kiunoni. Nani alilisha watoto kwa cherehani, mshahara ulipoishia njiani? Karani alimsikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri mvua ipite.

"Imebaki miezi mitano tu," akasema mwishowe. "Mwombee uzima."

Foleni nyuma yake ikacheka.

Mshonaji hakucheka. Binti yake alikuwa amemletea habari: baba ana kidonda mguuni, sukari imepanda, na dawa ameacha. Ameapa mbele ya ndugu zake kwamba afadhali afe kuliko yule mwanamke ale jasho lake. Ndugu hawakumbishia. Wambishie kwa faida gani?

Macho ya mshonaji mwenyewe yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano. Kushona sare za shule kumehamia kwa wenye macho. Nusu ile ndiyo ingekuwa kodi ya chumba na chakula cha uzeeni; tegemeo jingine hana.

Hakurudi kwake. Alishika njia ya nyumba za wafanyakazi wa maji.

Shemeji yake, ndugu wa yule bwana, alikuwa mlangoni, amekalia kigoda, anachokonoa meno. Akamuuliza amefuata nini kwenye nyumba isiyo yake.

"Sijafuata nyumba," akajibu, akampita.

Ndani kulinuka kidonda. Mtalaka wake alikuwa amelala chali, amekonda hadi mashavu yameingia ndani. Katika chumba hiki aliwahi kumng'oa mkewe meno mawili kwa ngumi moja, kwa sababu ya chai iliyopoa.

"Nilisema utarudi," akasema, akatabasamu. "Umenikumbuka."

Mshonaji akabandika maji jikoni. Akatafuta dawa, akazikuta uvunguni, pakiti hazijafunguliwa. Akakisafisha kidonda huku mwanamume akiguna na kumtukania mama yake mzazi. Akakifunga kwa kitambaa safi. Kisha akamwinua kichwa, akamsogezea kidonge.

Mwanamume akakaza meno. "Nikifa utakula nini?"

"Ndiyo maana hufi. Ukishastaafu, kufa utakavyo."

Akamziba pua. Mdomo ulipofunguka akatumbukiza kidonge, akamimina maji, akambana kidevu mpaka alipoona koo limepanda na kushuka.

Huko nje shemeji akauliza kwa sauti mgeni anaondoka saa ngapi.

Mshonaji akafunga mlango, akasukuma komeo, akatandika khanga yake sakafuni, miguuni pa kitanda.

"Kula ni saa moja," akamwambia yule mwanamume. "Na utakula."